Sufuria ya Wangeci

Warigia aliamka moyo ukimdunda utadhani ndiye anayeolewa siku hiyo. Ilikuwa Desemba 1983, mwaka mmoja tangu bibi yake, Shosho Nduta, azikwe, na ukoo mzima ulikuwa unakuja Dandora kumshukuru Mungu kwa maisha yake. Yeye Warigia, aliyetoka chuo kikuu juzijuzi, ndiye aliyepewa kazi ya kuyasimulia, naye alikuwa na mengi hata hakujua aanzie wapi. Angewaambia jinsi Shosho alivyopewa kiwanja chenye choo na bomba tu, akajenga kwanza kibanda cha ibada kwa mabati na mbao za masanduku, kisha akalala humo humo, chini ya meza ya mahubiri. Angewaambia alivyoomba kila alfajiri kwa sauti kubwa, akiwataja watoto na wajukuu mmoja mmoja, hata wapangaji wakajua wakiwa vitandani mwao ni nani ana mtihani na ni nani ameanza ulevi.

Lakini lililomnyima utulivu ni jingine. Shangazi yake alikuwa amekubali kuja.

Shangazi huyo alizaliwa Wangeci. Akaolewa Pumwani na Mahmud, fundi cherehani, akasilimu, akawa Lela. Shosho alilia, akafunga, akaomba, mwisho akanyamaza. Ila jina la binti yake halikukosekana hata mara moja katika maombi ya alfajiri. Enzi za uhai wa Shosho, Lela alikuwa akija, anakula, anacheka mpaka anashika mbavu. Siku ya mazishi alikunywa maji matupu akaondoka mapema. Baba mkubwa Irungu, kifungua mimba wa Shosho, akasema mbele za watu kwamba dada yake siku hizi anadharau chakula cha kwao. Maneno yakafika Pumwani. Tangu hapo Lela hakukanyaga Dandora, na Warigia alikuwa amembembeleza miezi mingi. Leo akiondoka tena bila kula, hatarudi.

Asubuhi hiyo Warigia alikuwa bombani akiosha vyombo na Mama Lydiah, jirani aliyekuwa akiomba pamoja na Shosho. Juu ya kabati alikuwa ameiona sufuria iliyoviringwa kitambaa chekundu. Akaifungua, akasema itafaa kwa ile nyama ya nguruwe waliyoletewa.

Mama Lydiah aliinyakua. "Weka chini. Hiyo ni ya Wangeci. Haijawahi kuingia nguruwe tangu inunuliwe."

Warigia akacheka, akasema yeye siku zote alidhani ni ya kumpikia pasta wa kanisa. Ndipo mama yule akamweleza kwamba Shosho hakuruhusu mnyama achinjwe hapo mpaka Mzee Faki, muuza makaa wa mtaani, aitwe achinje kwa Bismillahi, hata kama Lela hakutarajiwa. Alikuwa akisema, mtoto wangu akija ghafla, asimame mlangoni kuulizauliza?

Warigia alibaki na povu mikononi. Siku ya mazishi hakuna aliyemwita Faki. Irungu ndiye aliyechinja. Na Lela angeulizaje, kaburi la mama yake bado bichi?

Nyuma ya nyumba kisu kilikuwa kinanolewa.

Alikimbia. Mbuzi alikuwa tayari amelazwa, miguu imefungwa, na Irungu amekunja mikono ya shati.

"Baba mkubwa, ngoja kidogo."

"Nini tena, mama? Siku hizi chuo kikuu wanafundisha kuchinja?"

Wanaume wakaangua kicheko. Warigia akawaeleza habari ya Faki na sufuria, maneno yakigongana mdomoni. Irungu akasema mbuzi wa mama huchinjwa na mwanawe wa kwanza, na kwamba mama alimpendea Faki wepesi wa mkono tu. Miaka yote hiyo, akaongeza kwa sauti ya chini, alidhani mama anauona mkono wake mzito.

"Shangazi hakutudharau, Baba mkubwa," Warigia akasema. "Alikuwa na njaa."

Irungu alikitazama kisu. Akakigeuza, akakifuta kwenye suruali ingawa kilikuwa safi.

"Mfungueni huyo mbuzi," alisema. "Nawe nenda kamwite Faki. Mwambie mama anamwita."

Warigia alipaa na viatu vyake vya mahafali, akiruka mitaro. Mzee Faki, mweusi kwa vumbi la makaa, aliomba nafasi ya kunawa tu. Njiani alimwambia kwamba hata siku ya mazishi alikaa amevaa tayari, akingoja mtoto atumwe kumwita.

Lela alifika mchana na Mahmud wake. Aliketi karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu asiyekusudia kukaa. Irungu mwenyewe ndiye aliyemletea sahani, huku ameishika ile sufuria kwa kitambaa chake chekundu.

"Kula, Wangeci. Faki ndiye aliyechinja."

Lela aliitazama sufuria, akamtazama kaka yake, machozi yakamlengalenga. Akamkabidhi Warigia mkoba wake amhifadhie, akauliza ni nani huyu bahili aliyempimia supu kidogo namna hii.

Baadaye kidogo pasta alimwita Warigia asimame, awasimulie maisha ya Shosho. Akasimama. Yote aliyoyapanga yalikuwa yamemtoka. Alijua tu kwamba ataanzia kwenye ile sufuria.

"Ngoja kwanza," Lela akapaza sauti kutoka mlangoni. "Nimalize mfupa huu. Nataka kusikia vizuri."

Nyumba nzima ikacheka, na Warigia akangoja.