Keria Iliyoanguka Kinoo

Keria ilianguka Kinoo saa nne asubuhi, na kufikia saa sita Nairobi nzima ilikuwa imeshaamua kwamba kosa ni la Mchina.

Picha ilipigwa na mpita njia. Pikipiki ndefu ya kijivu imesimama kando ya barabara, madumu mawili ya maji yamelala vumbini, keria, ile fremu ya chuma ya kubebea mizigo nyuma ya kiti, imepinduka miguu juu, na Norman ameshika kiuno akiitazama. Norman ni mwandishi wa jarida la magari. Kazi yake ni kuendesha pikipiki mpya kwa siku kadhaa, kisha kuwaambia wasomaji wanunue au wasinunue. Picha hiyo ilisambaa haraka kuliko makala yoyote aliyowahi kuandika. Kiilu, fundi mwenzangu, alitusomea maoni ya watu kwenye simu huku akicheka hadi akakaa juu ya tairi. Mmoja aliandika kwamba Mchina huuza pikipiki kwa awamu: nusu unapewa dukani, nusu unaiokota njiani. Mwingine alisema hiyo ni pikipiki ya kwenda harusini, si ya kurudi.

Mimi sikucheka. Pikipiki ile niliifunga mimi.

Naitwa Milcah Wesonga. Watu wengi hawajui kwamba pikipiki hizi haziji zimesimama. Zinakuja ndani ya kreti ya chuma, magurudumu kando, usukani umefungwa kwa waya juu ya injini, bolti zimetiwa katika vifuko vya plastiki. Lazima mtu aziunge. Katika duka la Waweru, hapa River Road, mtu huyo ni mimi kwa miaka sita sasa, na nimefungua kreti mara nyingi kuliko nilivyofungua Biblia, Mungu anisamehe. Karibu zote huwa za bodaboda. Hii ilikuwa ya kwanza ya aina yake kwetu: pikipiki ya safari, ndefu, yenye kioo cha kukinga upepo na matairi ya kukanyaga mawe. Waweru alimpa Norman aiendeshe siku kumi, akitumaini jarida litaisema vizuri.

Saa nane ilirudi dukani juu ya pikapu. Nikachuchumaa nyuma yake.

Keria hushikwa na bolti nne. Mbili zilikuwa zimepotea. Bolti ikivunjika huacha kidonda. Utaona chuma kimeraruka, kimeng'aa. Hapa matundu yalikuwa safi, nyuzi za kushikia bolti zote nzima. Zile mbili zilizobaki nilizizungusha kwa vidole viwili zikatoka kama kifuniko cha chupa ya maji. Hazikuwa na ubaya wowote. Hazikuwa zimekazwa tu.

Nikajua papo hapo. Mtu wa bodaboda akinunua pikipiki mpya, hakai na keria ya kiwandani hata usiku mmoja. Akitoka kwetu huenda moja kwa moja kwa fundi wa kuchomelea, awekewe keria nzito ya kubeba gunia la viazi, kochi, hata mlango wa nyumba. Kwa hiyo sisi huifunga ile ya kiwandani kwa vidole tu, tusimsumbue anayekuja kuitoa. Hakuna aliyetufundisha hivyo. Ni adabu tu ya kazi. Na mkono wangu, kwa kuzoea, uliifanyia pikipiki ya safari adabu hiyo hiyo.

"Boss, ni mimi," nilimwambia Waweru. "Sikukaza."

Waweru alitazama mlangoni kwanza, halafu akanitazama. Ni mtu mpole, mwenye duka aliloachiwa na babake, na sauti yake haipandi hata akikasirika. Alieleza mpango wake kama mtu anayeagiza chai. Pikipiki ingerudishwa kwa Norman kesho, kwa kuwa siku kumi hazijaisha, na angeambiwa kiwanda kilileta bolti za chuma laini, zimebadilishwa, mambo yameisha.

"Lakini si kweli."

"Mchina hayuko hapa kujitetea, Milcah. Wewe uko hapa."

Nikamwambia huo ni uongo. Akasema kama ningependa kuwatangazia watu wa jarida kule Westlands kwamba duka lake halikazi bolti, niende, ila nisijisumbue kurudi kazini.

Kiilu naye alinivuta kando. "Wachana nayo, siz," akasema. "Hao watu waliamini hivyo kabla hujashika spana. Wewe unataka kuwasaidia wakuchukie?"

Nilikaa na hayo hadi jioni. Ningeweza kunyamaza, mji mzima ulikuwa umenishikia mwamvuli. Lakini nilifikiria zile pikipiki zote zilizotoka mikononi mwangu, zinazopanda milima ya Limuru na mizigo ambayo punda angeikataa, na ambazo hazijawahi kumwangusha mtu. Hizo nani alizifunga? Nikimpa Mchina kosa langu, nimempa pia kazi yangu. Mimi sigawi kazi yangu.

Asubuhi iliyofuata, Alhamisi, nilizikaza bolti nne mpya kwa spana yenye kipimo, moja baada ya nyingine, kama kitabu cha kiwanda kinavyotaka. Kisha nikajitolea kumpelekea Norman pikipiki yake. Uongo niliuacha dukani.

Pale Westlands, kwenye jengo la vioo ambako jarida lina ofisi, mlinzi alinisimamisha kabla sijazima injini. "Chakula ni mlango wa nyuma, madam." Nikamwambia sijaleta chakula. Akaizunguka pikipiki, akalisoma jina kwenye tangi, akatabasamu. "Kumbe ndiyo hiyo," akasema. Akaniomba niiegeshe mbali kidogo na magari ya watu, isije ikawaangushia kitu.

Norman alinipokea vizuri. Ni mwanaume wa makamo mwenye mikono laini, lakini anajua pikipiki. Hilo siwezi kumnyima. Alinigeuzia kompyuta nisome. Kurasa tatu alikuwa amesifu: injini haina kelele, breki zinashika, kiti hakichoshi, na bei inawaaibisha Wazungu na Wajapani. Ukurasa wa nne ulikuwa na ile picha, na chini yake neno moja kubwa: USINUNUE. Makala ilikuwa inaenda mtamboni kesho yake.

Nikamweleza yote: kreti, bodaboda, fundi wa kuchomelea, vidole vyangu. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akaegemea nyuma.

"Waweru amekutuma uokoe biashara yake."

"Angenituma, ningekuambia ni bolti laini," nikasema. "Amenikataza kukuambia haya. Nikirudi sijui kama nina kazi."

Nikaendelea, maana nilikuwa nimeshaanza. Nikamwambia aliandika kurasa tatu za mambo aliyoyaona mwenyewe na moja ya jambo alilolisikia. Je, alizitazama nyuzi za bolti? Hakuzitazama. Aliona keria chini, akajua jibu, kama mlinzi wa pale nje. Kama ingekuwa ya Ujerumani, angeuliza nani aliifunga.

Uso wake ulibadilika rangi kidogo. Nilidhani atanifukuza. Badala yake alichukua kofia yake ya pikipiki kutoka juu ya kabati.

"Barabara ile ile," alisema. "Mzigo ule ule."

"Ongeza mara mbili."

Kipande chenyewe kiko nyuma ya stendi ya Kinoo, barabara ya mawe na mashimo inayoshuka hadi mtoni na kupanda tena. Mara ya kwanza Norman alikuwa amebeba madumu mawili ya maji. Sasa tulifunga manne. Waithera, mama anayeuza kabichi pale kona, aliitambua pikipiki tangu mbali.

"Ni ile ya kuanguka?" aliuliza. "Imerudi kumalizia?"

Wenzake wakacheka. Nikamwambia mama atazame tu. Akavuta kiti chake akae vizuri, na wawili watatu wakaacha biashara wakaja kusimama naye.

Norman alishuka na kupanda mara kumi. Hakuihurumia. Aliirusha kwenye mashimo yale niliyotamani ayakwepe, na kila alipotokea juu ya kilima nilitazama nyuma ya kiti kabla ya kumtazama yeye. Kwenye mzunguko wa saba nilisikia mgongano mkubwa huko chini. Pikipiki ikatokea juu. Madumu manne, keria moja. Waithera akaacha kucheka akaanza kuhesabu kwa sauti: nane, tisa, kumi.

Norman aliteremka amejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Akaishika keria kwa mikono miwili, akaitikisa kwa nguvu zote, pikipiki nzima ikayumba pamoja nayo. Akatoa daftari.

"Nitaandika kwamba ilikuwa kosa la kuunganisha," alisema. "Fundi mmoja wa River Road. Jina si lazima. Sitaki kukuharibia."

Alikuwa ananifanyia wema, na niliuona.

"Andika Milcah Wesonga," nikamwambia. "Andika kwamba hakukaza keria. Halafu andika kwamba vile ulivyovisifu kwa kurasa tatu, breki, kiti na vinginevyo, alivifunga yeye pia."

Akaandika.

Jarida lilitoka wiki mbili baadaye. Waweru hakunifukuza, wala hakunisemesha kwa siku tisa. Siku ya kumi alinisukumia kreti tatu za pikipiki za safari, akasema wenyewe wanazisubiri Jumamosi, na akaenda zake.

Hapo zamani mteja akiingia aliuliza, hii ni ya nchi gani? Siku hizi wengine huuliza ni nani ameifunga. Kiilu hupenda kunitangulia kujibu. Ananinyooshea spana na kusema ni yule wa keria, wa Kinoo.

Nami hunyanyua kichwa kutoka kwenye kreti nikasema ndiyo, ni mimi.