Mpiga Picha Aliyekataa Kaunta

Mtaa mzima ulimwita Chapchap, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Hakukuwa na mpiga picha mwingine aliyeweza kumaliza picha za bwana harusi na wajomba, shangazi na wenzake wa ofisini, kisha akawa ameshafika mlangoni kumpokea bibi harusi kabla gari halijazimwa. "Tabasamu, kidevu juu, asante, wengine," ndivyo alivyokuwa akisema, na wengine walikuja. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye stoo nyuma, pazia la bluu ukutani, kompyuta moja, na kaunta iliyosimamiwa na mdogo wake wa kiume, mtu mzima mwenye mke na watoto na maneno mengi. Wateja waliondoka wameridhika. Yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza kama kazi anaipenda. Nafasi ya kujiuliza angeipata wapi?

Asubuhi moja mswaki ulimponyoka. Akauokota, ukamponyoka tena. Alipotaka kumwita mama yake, aliyekuwa chumba cha pili, maneno yakatoka kama ya mtu mwenye chakula mdomoni. Hospitali wakasema ni kiharusi, tena kidogo, na kwamba ana bahati. Ulimi ulirudi upesi. Mguu nao ukarudi. Mkono wa kulia ulirudi nusu: uliweza kubeba kikombe, lakini kikombe kilicheza juu ya kisahani mpaka chai ikamwagika.

Aliporudi studio, mteja wa kwanza alikuwa mwalimu aliyetaka picha ya pasipoti. Picha ikatoka na ukungu. Akarudia, ukungu uleule. Mwalimu akaangalia saa yake kwa adabu. Mdogo mtu akaja, akaitoa kamera mikononi mwa dada yake taratibu, akamaliza kazi.

Jioni, walipokuwa wakifagia, alimwambia, "Dada, mimi nitazunguka na harusi. Wewe kaa kaunta upokee watu. Unajua kuongea nao."

"Mimi sijui kuongea na watu. Najua kuwapanga."

"Basi wapange foleni."

Alicheka, maana mdogo wake alijua kumchekesha tangu utotoni. Kisha akaacha kucheka. "Kamera siiachi," alisema. "Hata nikiishika kwa meno."

Mdogo mtu hakubisha. Alimjua. Akitia kitu kichwani, hakitoki.

Tatizo la kwanza lilikuwa kwamba kamera zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa mkono wa kulia. Kitufe kiko kulia, gurudumu la mwanga liko kulia. Akaitoa stendi ya miguu mitatu iliyokuwa ikikusanya vumbi nyuma ya pazia, akaipeleka nyumbani, akatafuta na waya wa kubofyea, ule wenye kitufe chake mwishoni, ili aushike kwa kushoto. Ndipo akagundua kwamba kusimamisha stendi kwa mkono mmoja na nusu ni kazi ya kutoa machozi. Alikaza mguu huu, ule ukalegea. Kila alipokuwa tayari, alichotaka kukipiga kilikuwa kimeshaondoka: paka, jirani mwenye beseni la nguo, wingu.

"Hao wote wana shughuli zao," mama yake alimwambia kutoka jikoni. "Piga ukuta. Ukuta hauna pa kwenda."

Akapiga ukuta. Picha zikawa mbaya, lakini angalau hazikuwa na ukungu. Kesho yake akapiga ukuta tena.

Siku moja aliiweka kamera ikielekea mlango wa jikoni, ampige mama yake akichambua mchele. Stendi iliposimama sawasawa, mchele ulikuwa umeshachambuliwa, na mama ameingia ndani na ungo wake. Chapchap akabaki na kiti kitupu mbele ya lenzi. Angehamisha kamera, lakini mkono ulikuwa umechoka hauna hata hamu. Basi akakaa. Akiwa hana la kufanya, akaangalia.

Kwanza aliona mlango tu. Baadaye akaona kwamba mwanga wa dirishani ulikuwa ukitambaa sakafuni kuelekea kizingiti. Baadaye tena akaona kwamba fremu ya mlango, usawa wa bega, ilikuwa imechubuka rangi mpaka mbao ikang'aa, sehemu ya ukubwa wa kiganja. Alizaliwa katika nyumba ile, na hakuwa amewahi kuiona sehemu hiyo. Mama yake akatoka, akasimama mlangoni, akaweka mkono palepale pa kung'aa, akatazama uani bila kutazama kitu. Chapchap akabonyeza mara moja.

Alipomwonyesha picha kwenye kompyuta ya studio, mama alisogeza kichwa karibu na kioo.

"Nimezeeka."

"Kidogo."

"Huwa nasimama hapo kila siku," mama alisema. "Najaribu kukumbuka nimesahau nini. Sikujua kama inaonekana."

Mama alipoondoka, Chapchap alifungua mafaili ya harusi za zamani na kuzipitia moja moja. Zilikuwa picha safi, mwanga mzuri, hakuna aliyefumba macho. Lakini alishindwa kuitofautisha harusi moja na nyingine. Videvu vyote vilikuwa juu. Zilikuwa ni picha walizozitaka wateja, na walizipata, hakuna wa kulaumiwa. Ila katika picha zote zile hapakuwa na hata moja ambayo angeweza kusema, hii nimeiona mimi. Ile ya mlango wa jikoni ilikuwa yake.

Kuanzia hapo alijipangia kazi. Kila asubuhi, kabla studio haijafunguliwa, alikwenda sehemu moja tu na kukaa: kwa fundi baiskeli, kwa dobi, kwenye kibaraza cha kinyozi. Stendi ikishasimama, haihami. Na kitufe hakiguswi mpaka aone kitu ambacho hakukiona alipofika. Kuna siku alirudi bila picha hata moja. Siku hizo aliuma meno, akajikumbusha kwamba kesho ipo, akabeba stendi begani.

"Unapiga au hupigi?" kinyozi alimuuliza siku ya pili.

"Bado."

"Unangoja nini?"

"Sijui. Nikikiona nitajua."

"Mimi nikimwambia mteja hivyo na wembe mkononi, atakimbia na povu lake."

Pole pole alianza kujifahamu. Hakupenda sura zilizojiandaa. Alipenda mtu aliyemaliza jambo moja na hajaanza jingine: kinyozi akipuliza nywele kwenye mashine, dobi aliyeinua pasi akasahau kuishusha. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Aliyakuta ndani yake, kama mtu anayekuta chumba kingine katika nyumba aliyodhani anaijua.

Kisha akaja msichana mmoja na binamu yake, wakitaka harusi ya msichana ipigwe na Chapchap mwenyewe.

"Dada hapigi harusi siku hizi," mdogo wake alianza.

"Napiga," alisema kutoka kwenye kompyuta. "Ukumbini ataingia huyu mdogo wangu. Mimi nipeni chumba anachovalia bibi harusi, na mnisahau."

Binamu mtu hakuelewa, lakini bibi harusi alikubali. Alilelewa na shangazi yake, alieleza, na shangazi hapendi kupigwa picha. Akiona kamera anageuka.

Siku yenyewe Chapchap alifika mapema, akasimamisha stendi kwenye kona kati ya kabati na dirisha, akakaa. Chumba kilijaa wanawake, pini, manukato na ushauri. Binamu alimwendea mara kwa mara. "Mbona hutupangi?" Chapchap akamjibu kwamba mdogo wake atawapanga ukumbini mpaka wachoke. Baada ya muda hakuna aliyemjali, na hata shangazi, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha kichwa cha kijani, aliacha kumpa mgongo.

Honi zikalia nje. Wanawake wote wakatoka mbio kwenda kutazama magari. Walibaki wawili tu: bibi harusi ameketi kitandani, na shangazi amepiga magoti akimfunga kiatu. Akamaliza kufunga. Hakuinuka. Aliendelea kuushika ule mguu kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, na bibi harusi akainua mkono wake juu ya kitambaa cha kijani, ukabaki hewani, asithubutu kugusa.

Mkono wa kulia wa Chapchap ulianza kutetemeka vibaya. Akaukalia. Akapumua, akabonyeza kwa kushoto, mara moja tu. Shangazi akafuta uso, akainuka, akasema, "Haya, twende," na chumba kikajaa tena.

Walipokuja studio kuchagua picha, binamu aliipita ile haraka. "Hii hata sura ya shangazi haionekani."

Bibi harusi akamshika mkono, akairudisha ile picha. "Sura yake naijua," alisema. Akaomba itengenezwe kubwa, ya ukutani.

Walipokwisha kuondoka, mdogo mtu aliitazama ile picha huku amejishika kiuno. "Nzuri," alisema. "Lakini Dada, kwa mwendo huu wako tutakula nini?"

"Wewe una mwendo. Tutakula huo. Mimi nipe stoo iwe studio yangu."

Wakabishana siku kadhaa, kisha wakahamisha makaratasi na mapazia mabovu. Alipaka kuta rangi nyeupe kwa mkono wa kushoto, vibaya pembeni, akafungua dirisha lililokuwa limepigiliwa misumari, akaweka kiti kimoja na stendi. Mkono wa kulia haukupona, wala hakungoja upone. Wateja wengine waliingia, wakakaa kidogo, wakauliza kama kuna kinachoendelea, wakaondoka wakinung'unika. Hakuwafuata.

Kisha akaingia nesi mmoja mstaafu aliyesikia habari zake kwa majirani. Akaketi, akalaza mkoba mapajani, akanyoosha mgongo.

"Nitazame wapi?" aliuliza.

"Popote," Chapchap alisema, akavuta kiti chake mwenyewe, akaketi naye.