Sindano Nyuma ya Mayai

Kitindamimba wangu huja nikiumwa. Nikiwa mzima, anapiga simu. Simsingizii, ni mtoto mzuri, ana kazi yake na wanawe, na mjane mwenye miguu miwili na cherehani si mtu wa kuhangaikiwa.

Mwaka ule vidole vyangu vilipovimba vikakataa kushika mkasi, alikuja kila Jumamosi. Alinifungulia chupa ya mafuta, akanifunga vifungo vya sweta, kisha akakaa. Alinitania kwamba fundi aliyewavalisha mabibi harusi wa mtaa mzima sasa anavalishwa kama mtoto wa chekechea. Nilikuwa namimina chai polepole, maana akimaliza kikombe cha pili huwa anaaga.

Hospitali wakanipa sindano, moja kila wiki mbili, nijichome mwenyewe. Muuguzi wa kliniki ya viungo akanichorea nyuma ya kadi yangu.

"Mama, askari wa kinga ya mwili wakiona adui hutuma wajumbe. Tunawaita saitokini. Mjumbe peke yake hana lolote, mpaka afike kwenye seli yenye kipokezi chake. Wanaingiana kama kifungo na tundu lake. Hapo ndipo seli inaamka, mishipa inavujisha maji, askari wengine wanakuja mbio, pale mahali panavimba na kupata moto. Ni kazi nzuri, kama adui yupo."

"Na kama hayupo?"

"Kwako hayupo. Wajumbe wanatumwa tu, kila anayefika anaitisha wengine. Dawa hii inamkamata mjumbe njiani, kabla hajagusa kipokezi."

"Kwa hiyo wito unatoka, ila hakuna anayeupata."

"Umeelewa kuliko wanafunzi wangu," akasema. Nilikuwa nimeelewa mno.

Dawa ikafanya kazi. Baada ya miezi miwili nilitunga uzi bila miwani ya pili, na subana, kile kikofia cha chuma cha kuzuia sindano isinichome, ikaingia kidole cha kati kama zamani. Mwanangu akamshukuru Mungu, akanikumbatia, akarudi kwenye simu. Jumamosi ya kwanza nilipika chakula cha watu wawili kwa mazoea. Nilikila peke yangu siku mbili.

Ndipo nikaanza ujinga wangu. Nauita ujinga kwa sababu nilijua. Muuguzi alishanionya: ukiacha dawa, wajumbe wanarudi kazini, na mfupa ukilika haurudi. Siku ya sindano ilipofika nikafungua friji, nikalisukuma boksi nyuma ya trei ya mayai. Wiki mbili baadaye nikasukuma la pili. Kliniki nilikwenda kuchukua mengine, nikasema naendelea vizuri, mikono nimeificha ndani ya mtandio.

Vidole vilipoanza kupata joto asubuhi, niseme ukweli, nilifurahi. Nikampigia mwanangu. "Baba, vidole vimeanza tena." Jumamosi alikuwa mlangoni na mkate. Kukamua nguo tu kulinitoa machozi, lakini mara moja kwa wiki nilikuwa na mtu wa kugombana naye kuhusu chumvi.

Mpaka siku alipotaka kukaanga mayai. Nilisikia friji ikifunguliwa, halafu trei ya mayai ikivutwa. Akatoka jikoni na maboksi sita, akayapanga mezani moja moja.

"Mama, hizi ni nini?"

"Si unajua kusoma?"

"Nilidhani dawa imeshindwa. Kumbe hukuchoma!"

"Nilitaka uje."

Akakaa chini akalia, mtu mzima na ndevu zake. Akaapa atakuja hata nikiwa mzima wa afya. Akanipeleka kliniki yeye mwenyewe. Picha ya eksirei ikaonyesha mfupa wa kidole cha kati umelika kwenye kiungo. Muuguzi hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

Alikuja Jumamosi nne. Ya tano alipata dharura kazini. Ya sita sikuuliza. Ya saba iliangukia siku ya sindano, nami nikasimama mbele ya friji iliyo wazi mpaka ikaanza kupiga kelele. Boksi lilikuwa mkononi na mayai yalikuwa palepale. Nikajichoma pajani. Kisha, kwa mara ya kwanza, nikampigia bila ugonjwa wowote wa kumwambia.

"Mama! Unaumwa?"

"Siumwi."

"Vidole je?"

"Vizuri. Nimechoma sindano. Nataka uje tu, tukae."

Nikamsikia akishusha pumzi. "Afadhali, ulinishtua. Basi kama hakuna kinachouma, tufanye wiki ijayo. Sawa, Mama?"

"Sawa, baba."

Nikarudi kwenye pindo la gauni la mteja. Subana haiingii tena kidole cha kati. Nikaivaa kidole cha pete, inapwaya, nikaendelea kushona.