Miti ya Nta kule Adumi

Nilishuka kwa lori pale Adumi na barua ya kazi mkononi, na kabla sijafika mlangoni nilikuwa nimeshapiga kelele kwamba wamenipa shule Lurujo, kule Koboko, sasa mimi ni mwalimu kweli kweli. Baba mdogo Ondoga akacheka, akanishika mkono, akaenda nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa na jembe. Hapo ndipo nikakumbuka. Mdomo wangu huu.

Maana alishasema: siku mimi Candiru ninapata kazi, yeye anang'oa ile miti ya nta, apande tumbaku.

Ngoja niwaambie habari ya hiyo miti. Mama mdogo Kavira, mke wake, alitoka milima ya Congo. Mwaka sabini na moja, alipokuja kuolewa kwetu, alipitisha vijiti kumi pale mpakani Vurra, amevifunga na majani ya ndizi yenye maji, watu wa forodha wakadhani ni mboga. Akapanda kwenye ile changarawe ambayo hata muhogo inakataa. Ikashika. Ikawa vichaka vya kufika kifuani, majani membamba, ukisugua na vidole inatoa harufu tamu, na pilipili kidogo kwa nyuma. Tuliyaweka ndani ya sanduku la nguo, mende wakahama. Muhogo uliopandwa karibu nayo ukanenepa.

Lakini haikuzaa, na mama Kavira alitaka tunda tu. Kwao wanachemsha zile tunda ndogo za kijivu, nta inapanda juu ya maji, wanatengeneza mishumaa. Marehemu mama yake alikuwa anawasha moja kila jioni ya mavuno. Mama Kavira alikuwa anatusimulia tukichambua maharage, sauti inapotea katikati, halafu anaomba chumvi.

Mwaka wangu wa kwanza chuoni tukafundishwa kwamba miti mingine iko dume peke yake, jike peke yake. Likizo nikakimbia nyumbani na lenzi ya kuazima. Maua yote, vumbi ya njano tupu.

"Mama mdogo, vijiti ulikata kwa miti gani?"

"Ile haizaagi. Kwetu ile inazaa iko mama, mutu hapigi yeye panga."

"Basi ulituletea wanaume kumi."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Kumi, na hakuna hata moja amepata bibi."

Mti mama ukatwe vijiti, hakukubali, hata kule mbali kwao. Basi tukamwomba Étienne, mchuuzi wa vitenge, atuletee tunda. Akaleta kopo moja. Tukasugua na jivu mpaka nta ikatoka, maana mbegu ikibaki na nta yake inalala tu. Ikamea tisa. Baba mdogo akaona shamba linamwishia, ndipo akasema lile neno lake la tumbaku.

Sasa jembe limefika.

"Ondoga," mama Kavira akasema, "ngoja kwanza maji ichemuke."

"Maji gani?"

Akatoa sufuria. Ndani, konzi moja ya tunda za kijivu. Mti mmoja kati ya ile tisa ulikuwa umezaa, naye akaficha wiki nzima akiningoja.

Baba mdogo akakaa, jembe katikati ya magoti. "Nta isipotoka, nang'oa kabla ya chakula."

"Na ikitoka?" nikauliza.

"Mwalimu, nyamaza kwanza."

Ikachemka, tukaepua, tukangoja ipoe. Juu ya maji kikaganda kitu cha kijani, chembamba, ukubwa wa shilingi.

"Hiyo iko mshumaa ya panya," baba mdogo akasema.

Mama Kavira akainama. Akaiokota, akaiweka puani, akaanza kusema Kinande. Miaka sita hatujawahi kusikia lugha yake. Alisema polepole, kama anaitika mtu aliye jikoni, akataja majina, mara akacheka, mara akangoja ajibiwe. Nilitaka kuuliza ni nani hao.

Baba mdogo alisikiliza mpaka akamaliza.

"Ile tisa," akasema, "mama iko ngapi?"

"Tunajua moja," nikamwambia. "Zingine bado hazijatoa maua. Na hiyo moja bila wale wanaume kumi haizai."

"Sasa mimi nitang'oa gani?" Akauliza kwa hasira kidogo, kama ni sisi tumemharibia kazi, akabeba jembe lake.

Tumbaku aliipanda nyuma ya choo. Ukimuuliza, anasema hapo ndipo alipotaka tangu mwanzo.