Ile Kubwa ao Ile Ndogo

...na ile kubwa njo ya kuomba, paka ile, fusée, roketi ya mita mbili, ya fibre, nyeusi, kichwa nyekundu imechongoka kama musumari, imetundikwa ku ukuta ya magazini, duka ya fusée, kule Bruxelles, na Franck iko anazungusha telefone ili Lionel aone, unaona, unaona, anasema, na Lionel haoni kitu isipokuwa kidole ya Franck, imefunika nusu ya kamera, kidole nene ya muntu mwenye kula asubui, mchana na mangaribi, na yeye Lionel amesimama hapa Kimanga mbele ya kibanda ya Josée, amefungwa kama mbuzi, juu telefone yake iko na asilimia ine na kamba ya kusharji ya Josée ni fupi kama mukono ya mutoto, akirudi nyuma hatua moja kamba inachomoka na telefone inazimika, akibaki Josée anasikia yote, na Josée anapenda kusikia, iko anapanguza matelefone ya watu moja moja na kitambaa, polepole, hiyo polepole ni ya masikio, si ya mavumbi. Magazini inafunga kisha dakika kumi, Franck anasema, valise, sanduku ya nguo, ni moja, kit, vipande vya kuunganisha, ni moja, kesho kutwa minye iko mu ndege, chagua. Chagua. Anasema chagua kama vile bwana mukubwa anamwambia mutumishi wake chagua, huyu Franck mwenye kukojoa ku kitanda paka miaka tisa, mutoto wa shangazi, walilala ku mukeka moja pale Mulongwe, waliamka wote wawili na maji ya Franck ku mugongo, na leo iko na kadi ya club, kadi yenye picha, niveau, ngazi ya kwanza, wazungu walimusimamia akirusha fusée moja mu shamba ya ngano, ikapanda, ikafungua parashiti, ikashuka, wakamupigia makofi wakamupa kadi. Makofi. Lionel yeye ile siku yake walimupigia vingine. Usifikiri ile. Fikiri fusée. Ile kubwa inaomba moteri ya J, herufi ya nguvu yake, na kadi ya Franck inaishia ku I, ile Franck mwenyewe aliisema mwezi uliopita akijivuna, H na I ninarusha, J paka niveau ya pili, kumbe basi njo vizuri, aje na kitu yenye hawezi kurusha, ashuke hapa na ile fibre yake ku bega kama muntu amenunua mutumbwi na hajui kuogelea, watu wa Kimanga wamuulize, Franck, inaruka siku gani, na atafute jibu. "Ingénieur," Josée anasema, bila kuinua macho, "shemeji wangu wa Bulaya anakungoja," na Lionel anamwambia si shemeji, na Josée anasema atakuwa, akicheka, na ile kicheko inamuchoma kuliko jua. Ku telefone Franck anaeleza ile ndogo, hakuna mwenye kumuuliza lakini anaeleza, kartoni ngumu, upana kama chupa ya bia, mabawa matatu ya mbao, parashiti moja ya orange, na kuko ka mashine kadogo kama kiberiti, kanazuia parashiti isifunguke juu sana, inafunguka ikibakia mita mia moja, juu nilifikiri upepo yetu, anasema, ziwa huku, mulima huku, ikifunguka juu inaenda kuwapa samaki. Upepo yetu. Nani alimufundisha upepo? Lionel njo alikuwa anakaa ku mchanga na mufuko ya plastiki ku kamba, anaandika ku daftari, asubui upepo inatoka mulima inaenda ziwa, mchana inageuka, na Franck alikuwa wapi, alikuwa anakula samaki mikeke ya kukaanga na kusema weye ni kichaa. Na ile kubwa iko na parashiti mbili, ndogo ya kushukia mbio, kubwa ya mwisho, kwa hiyo ata kwa upepo ile kubwa inashinda, ajibu hapo, aseme hapo kadi yake inasema nini... Lakini Lionel anaacha Franck aongee, juu mbele ya Josée muntu wa kuongea sana njo anaonekana mudogo. Na moteri, Franck anasema, moteri haipande ndege, hiyo itafuata kwa bateau, kwa meli, na makaratasi, nitatafuta njia, na Lionel anacheka na pua, njia, Franck siku zote anatafuta njia, ile siku ya Lubarika njia aliiona mbio sana, mu mipunga, magoti juu, viatu mukononi, hakugeuka ata mara moja. Lionel aligeuka. Lionel alibaki pale ku mabati na moshi machoni, juu moteri ya fusée yao ya kujitengenezea haikupanda, ilipasuka chini, kelele moja tu, kama bombu, lakini mu ile bonde watu wanajua ile kelele, hawaulizi ni ya nani, na pale juu ku shapeli misa ilikuwa katikati, watu mia mbili ndani, mulango moja. Mulango moja. Wenye bunduki walikuja kisha, walimupata yeye na waya mukononi, siku tatu kwenye chumba bila dirisha, na masomo yakaishia pale, mukubwa wa masomo alisema hatuweke hapa mutoto wa mabombu, na Franck alikuwa amevuka tayari, Bujumbura, kisha baba yake mudogo, kisha Bulaya, kisha kadi. Kwa hiyo ile kubwa. Ile kubwa na asikie uzito yake ku mabega paka Uvira. "Sikia," Franck anasema, "kuko kitu ingine," na sauti yake inashuka, na Josée anaacha kupanguza, "Koko alinipigia juzi." Koko nani? Koko moja tu, Koko Pélagie, bibi yao wote wawili, mwenye kuanguka ku ule mulango ya shapeli na watu wakapita juu yake wakikimbia, mwenye nyonga yake haikuunganika tena, mwenye kukaa ku kiti ku mulango ya nyumba asubui paka jioni na kusema naona jua inatembea kwa niaba yangu. Alipiga na telefone ya nani? Anaongea na huyu? Lionel njo anamubeba ku bafu, Lionel njo anamufulia, na anaongea na huyu? Koko anasema zile bekiye, magongo yake ya mbao, zinamuchubua mu makwapa, Franck anasema, hapa nimeona za aluminium, nyepesi, muntu anaziongeza urefu, nilipima mu valise, zinaingia pamoja na ile ndogo, na ile kubwa haziingie. Basi. Na Lionel anasikia damu ikipanda ku masikio, juu njo mutego hiyo, njo mutego ya Franck, kama anachagua kubwa yeye njo mubaya, kama anachagua ndogo Franck njo mutoto muzuri wa Koko, afanye nini, amutukane, amutukane mbele ya Josée, amwambie usimutaje Koko na kinywa chako, ni weye ulimuvunja, weye na akili yako ya kurusha saa ya misa, miaka sita Lionel anasema vile, alisema vile kwa wenye bunduki, kwa mukubwa wa masomo, kwa mama, kwa Koko mwenyewe akimufunga kitambaa ku nyonga, Franck njo alichagua saa, anasema, na Koko ananyamaza, siku zote hapo ananyamaza, anamushika kichwa na kunyamaza. "Weye njo unachagua," Franck anasema, "mara hii pia minye ninakufuata." Mara hii pia. Pia namna gani... na anaona mukeka, anaona Franck amelala chali, usiku ule wa mbele ya siku ya Lubarika, Franck anasema twende siku ya juma, jumatano, na sauti ingine inasema hapana, jumatano mashamba imejaa wamama, twende siku ya Mungu, saa ya misa, watu wote wako ndani, hakuna muntu wa kuumia, na ile sauti ilikuwa na furaha, ilikuwa na akili sana, na Franck anasema sawa, weye njo unajua. Sauti hiyo haikuwa ya Franck. Miaka sita Franck ameisikia ile bongo, ile uongo, kwa shangazi, kwa wajomba, kwa kila muntu mwenye kumupigia, na hakujibu, ata mara moja, na hiyo njo mbaya kuliko kukimbia, hiyo njo inafanya Lionel amuchukie hapa hapa zaidi ya asubui, juu muntu mwenye kukunyamazia miaka sita utamulipiza na nini. Na Koko. Koko anajua. Alikuwa analala nyuma ya pazia ile usiku, mita mbili ya ule mukeka. "Lionel, uko? Huyu muzungu wa magazini anazima mataa." Josée anamuangalia sasa, kitambaa mukononi, hacheki tena, anasema mujibu mwenzako, na ziwa inang'aa kule mwisho ya barabara, na mulima nyuma, na katikati hii kipande nyembamba ya mji yenye kila kelele inagonga pande mbili na kurudi, na Lionel anaona fusée nyeusi ya mita mbili ikiwaka hapo, na wamama wanatupa mabeseni, na mulango moja... bado anamuchukia, achukiwe, lakini anasogea karibu na kamba, anauliza. "Franck... ile ndogo. Ikipanda, inapiga kelele ya namna gani?" Na kule Bruxelles Franck anamuuliza muzungu kwa kifaransa, na hapa Josée hapanguzi, na ku telefone ni asilimia ine, vilevile ine.