Kopo la Sampuli Juu ya Mafiga

Mwaka ule serikali ilipoacha kutuletea mbolea yenyewe na kuruhusu mwenye uwezo auze, hapa Maposeni mwanangu Osmund aliamua kwamba mwenye uwezo ni yeye. Bwana Derick, mtu wa kampuni ya mbolea kutoka mjini, alikuwa anatafuta wakala mmoja tu. Alimwachia Osmund mfuko mdogo wa sampuli ya S.A., ile mbolea nyeupe ya kukuzia mahindi.

"Nitarudi Jumamosi nione umeitunzaje," alisema. "Isipate unyevu, na isikae karibu na chakula wala watoto."

Tangu hapo hatukupumzika. Kila jioni Osmund alitufundisha: mbolea si mchezo, mbolea haionjwi, ukiishika unanawa. Mkewe Verediana alianza kunawa hata kabla ya kuiona hiyo mbolea.

"Mama, nawe umesikia?" Osmund akaniuliza.

"Nimesikia, baba. Tangu juzi nasikia."

Tatizo likawa mvua. Ijumaa ilinyesha kutwa, na ile S.A. ikaanza kuganda ndani ya mfuko wake. Osmund alihangaika nayo kama mtu mwenye mtoto mgonjwa. Sasa, kwetu kitu kinachovuta unyevu kina mahali pake: chumvi tunaiweka kichanjani, juu ya mafiga, moto uikaushe. Osmund akafanya kama alivyolelewa. Aliimimina mbolea katika kopo tupu la maziwa, akaipandisha kichanjani, ubavuni mwa kopo la chumvi, nalo la maziwa vilevile. Hakumwambia mtu, maana aliogopa wezi.

Jumamosi Bwana Derick akafika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuta maharage, karibu."

Verediana alikuwa ameyabandika tangu asubuhi, na magadi kidogo ili yalainike. Mgeni alipoketi sebuleni, Verediana akashusha kopo, akatia chumvi kwa mkono wa ukarimu, akakoroga.

Nimefua nepi za watoto na za wajukuu, lakini harufu ile sikuwa nimekutana nayo. Ulikuwa mkojo, tena kama wa kijiji kizima. Machozi yalitutoka. Kuku waliokuwa jikoni walitoka mbio.

"Verediana, umetia nini humo?" Osmund aliuliza.

"Chumvi, ya kopo la kichanjani."

Bwana Derick aliingia jikoni na kitambaa puani, akachungulia sufuria, kisha kopo.

"S.A. ikikutana na magadi kwenye moto hutoa hewa hii," alisema. "Shukuruni magadi. Bila hayo tungekula." Akatikisa kopo, likalia kama lina mchanga. "Lakini imekauka."

"Si umeona," Osmund akasema huku akifuta macho. "Unyevu hakuna."

"Hakuna. Hata ofisini sina iliyokauka hivi."

Kwa muda kidogo mwanangu alisimama kama wakala. Kisha mgeni akaomba maji ya kunawa, akaaga bila kungoja ugali.

Maharage tuliyafukia nyuma ya nyumba, na maboga ya pale yalistawi kuliko shamba lote. Uwakala ulikwenda kwa jirani yetu Isidori, ambaye hajawahi kumfundisha mtu kitu, ila ana banda lenye kufuli, mbali na jiko.

Wakati wa kukuzia, Osmund alipanga foleni kama sisi wengine. Isidori alishika kopo la kupimia, akamtazama kwa heshima zote.

"Kaka, nikupimie ya mahindi au ya maharage?"

Foleni nzima ikatega sikio.

"Ya mahindi," mwanangu akasema. "Na uifunge vizuri. Mvua inakuja."