Vipande Vilivyozama Kwale

Kosa ni la Alamin, na mwenyewe anajua. Analala nalo, anaamka nalo.

Programu aliiandika yeye, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Ilijaribu maelfu ya namna za kupachika sumaku kwenye vipande vya plastiki, ikamchagulia aina nne tu: ukivikoroga majini, vinatafutana na kushikana vyenyewe mpaka vinakuwa mpira. Lakini aliyevikata, akavipima kimoja kimoja hadi kikaelea katikati ya maji, kisizame wala kisiibuke, ni mwenzake, Mbodze. Miezi mitano walijaribia kwa kina Alamin, Mwabungo, kwa maji ya kisima chao.

Siku ya maonyesho ya ubunifu wakapanda Kwale. Timu itakayoshinda ingesomeshwa mwaka mzima bure. Alamin ana mjomba wa kumsomesha. Mbodze alikuwa ameacha chuo kwa kukosa karo, na njia ya kurudi ilikuwa hiyo moja tu.

Beseni likajazwa maji ya bomba. Mbodze akachovya kidole, akalamba. "Alamin, haya matamu. Ya kwenu yana chumvi. Tutie chumvi kwanza, la sivyo vitazama."

"Ya kwetu yana chumvi? Nimeyanywa tangu nizaliwe! Wacha kunitia aibu mbele za watu, bwana."

Kichwa kigumu huyo! Vipande vikatiwa, vyote chubwi, vikatulia chini. Bi Hanifa, mkuu wa majaji, akauliza kulikoni.

"Vipande alikata mwenzangu," Alamin akasema. "Huenda hakuvipima vizuri."

Majaji wakaandika, wakahamia meza ya pili.

Ndipo Mbodze alipoomba chumvi kwa mama aliyekuwa akiuza viazi karai mlangoni, akaitia kidogo kidogo huku akikoroga. Vipande vikainuka. Kimoja kikanasa kingine, cha tatu kikafuata, hata mpira ukatimia bila mkono wa mtu. Lo, ulikuwa mzuri!

"Waite," Mbodze akasema. "Waambie."

Kuwaita ilikuwa ni kukiri kwamba amemsingizia mwenzake. Mjomba wake alikuwa pale pale, anatazama. Alamin akajifanya anapangusa meza mpaka majaji wakaondoka ukumbini.

Sasa Mbodze anasafisha vyumba katika hoteli moja Diani. Juzi Alamin alimfuata langoni, akamwomba msamaha kwa machozi, akaapa atamwandikia Bi Hanifa barua ndefu, aeleze yote.

Mbodze alimsikiliza hadi mwisho.

"Barua ya nini?" akamwuliza. "Siku ile alikuwa hatua kumi tu kutoka kwetu."